Klabu za Rotary nchini Tanzania

Klabu za Rotary nchini Tanzania ni vyama vya hiari vya watu wa kazi na taaluma mbalimbali wanaokutana mara kwa mara ili kufahamiana na kufanya miradi ya kuisaidia jamii. Kila klabu inajitegemea kwa uongozi na fedha zake, lakini zote ni wanachama wa Rotary International, shirika lenye makao makuu Evanston, jimbo la Illinois, Marekani. Klabu ya kwanza nchini ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1949, wakati nchi ikiitwa bado Tanganyika.

Klabu hizi ziko hasa mijini, kama vile Dar es Salaam, Arusha, Moshi, Mwanza na Dodoma, lakini sehemu kubwa ya miradi inayohitajika iko vijijini. Kwa hiyo kazi ya klabu hutegemea mikutano ya aina mbili: mkutano wa wanachama wenyewe mjini, na mkutano wa wananchi wa mahali mradi unapopelekwa, kwa mfano katika kata za wilaya za Hanang na Mbulu, mkoa wa Manyara.

## Historia

### Asili ya Rotary

Rotary ilianza Chicago tarehe 23 Februari 1905. Siku hiyo wakili Paul Harris alikutana na wenzake watatu: Gustavus Loehr, mhandisi wa migodi, Silvester Schiele, mfanyabiashara wa makaa ya mawe, na Hiram Shorey, fundi cherehani. Harris alikulia katika mji mdogo na alitaka kupata tena, ndani ya jiji kubwa, urafiki wa watu wanaojuana. Mwanzoni walikutana kwa zamu katika ofisi za wanachama, leo kwa huyu na safari ijayo kwa yule. Kuzunguka huko ndiko kulikoleta jina "Rotary", na ndiyo sababu alama yake ni gurudumu.

Miaka ya kwanza klabu ilikuwa mahali pa urafiki na biashara tu. Baadaye wanachama walianza kuona kwamba kikundi kinachokutana kila wiki kinaweza kufanya jambo kwa ajili ya watu wengine pia. Mradi wa kwanza wa klabu ya Chicago ulikuwa kudai vyoo vya umma katikati ya jiji. Mwaka 1910 klabu za Marekani ziliunda umoja wao, na mwaka 1922 umoja huo, uliokuwa umevuka mipaka ya nchi, ulichukua jina la Rotary International. Mfuko wa hisani wa shirika, unaoitwa Rotary Foundation, ulianza kwa pendekezo la Arch Klumph mwaka 1917. Mchango wake wa kwanza ulikuwa dola 26.50 za Marekani.

### Kuingia Afrika Mashariki

Klabu ya kwanza barani Afrika ilianzishwa Johannesburg mwaka 1921. Katika Afrika Mashariki Nairobi ilitangulia mwaka 1930, ikifuatwa na Dar es Salaam mwaka 1949 na Kampala mwaka 1957. Kama ilivyokuwa kwa vyama vingi vya mjini wakati wa ukoloni, wanachama wa mwanzo walikuwa hasa maofisa, wafanyabiashara na wataalamu wa kutoka nje. Baada ya uhuru wa mwaka 1961 uanachama ulibadilika polepole, na leo klabu zinaongozwa na Watanzania wa asili mbalimbali.

Kwa miaka mingi klabu za Tanzania zilikuwa katika wilaya namba 9200 ya Rotary pamoja na zile za Kenya, Uganda, Ethiopia na Eritrea. Mwaka 2013 wilaya hiyo iligawanywa, na Tanzania ikabaki pamoja na Uganda katika wilaya namba 9211, ambayo nayo iligawanywa baadaye kwa sababu ya wingi wa klabu. Neno "wilaya" hapa lisichanganywe na wilaya za serikali: wilaya ya Rotary ni kundi la klabu za nchi moja au zaidi chini ya gavana anayehudumu kwa mwaka mmoja.

Uganda ndiyo iliyotoa kiongozi wa Rotary aliyepanda juu zaidi kutoka Afrika Mashariki. Sam Owori, mwanachama wa klabu ya Kampala, alichaguliwa kuwa rais wa Rotary International kwa mwaka 2018–2019, lakini alifariki Julai 2017 kabla ya kushika nafasi hiyo. Angekuwa Mwafrika wa pili kushika cheo hicho baada ya Jonathan Majiyagbe wa Nigeria, aliyekuwa rais mwaka 2003–2004.

### Wanawake

Hadi miaka ya 1980 kanuni za Rotary ziliruhusu wanaume peke yao. Mwaka 1977 klabu ya Duarte, jimbo la California, iliwapokea wanawake watatu, na mwaka uliofuata ikafukuzwa katika shirika. Kesi yao ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, ambayo tarehe 4 Mei 1987 iliamua kwamba Rotary haiwezi kuzuia klabu kupokea wanawake kwa sababu ya jinsia. Mwaka 1989 baraza la kutunga kanuni lilifuta sharti la uanaume kwa klabu zote duniani. Jennifer Jones wa Kanada alikuwa rais wa kwanza mwanamke wa Rotary International, mwaka 2022–2023. Nchini Tanzania wanawake wamekuwa marais wa klabu nyingi, na wamo pia katika uongozi wa juu wa Rotary katika kanda.

## Uanachama na uongozi

Mtu hajiandikishi mwenyewe, bali hualikwa. Mwanachama humleta mgeni mikutanoni, halmashauri ya klabu hulijadili jina lake, na akikubaliwa huvishwa pini ya gurudumu mbele ya wenzake. Zamani klabu ilichukua mtu mmoja tu kwa kila kazi: daktari mmoja, mwanasheria mmoja, mwenye duka mmoja. Sharti hilo limelegezwa, lakini lengo lake limebaki, yaani klabu isigeuke kuwa chama cha watu wa kazi moja. Lina faida pia wakati wa miradi, kwa kuwa katika chumba kimoja hupatikana mhandisi wa maji, mhasibu, mwalimu na mwenye malori.

Klabu mpya inahitaji wanachama 20 ili kupata hati ya kuanzishwa. Mwaka wa Rotary huanza tarehe 1 Julai na kwisha tarehe 30 Juni, na viongozi hubadilika kila mwaka. Viongozi wa kawaida ni:

- Rais, anayeongoza mikutano na halmashauri;
- Rais mteule, anayejiandaa kwa mwaka unaofuata;
- Katibu, anayetunza kumbukumbu na mahudhurio;
- Mweka hazina, anayesimamia ada na michango;
- Mtunza nidhamu, anayesimamia utaratibu wa mkutano na kutoza faini za utani.

Chini yao kuna kamati za uanachama, miradi, vijana, habari na mfuko wa Rotary. Kubadilishana uongozi kila mwaka huwapa wengi nafasi ya kujifunza, lakini kuna hatari yake: mradi ulioanzishwa na rais mmoja unaweza kusahauliwa na anayefuata. Kwa hiyo klabu nyingi huweka mpango wa miaka kadhaa na kuwashirikisha kwa pamoja rais aliyepita, aliyepo na mteule.

Vijana wana vyama vyao vinavyolelewa na klabu. Interact, iliyoanza mwaka 1962, ni ya wanafunzi wa sekondari. Rotaract, iliyoanza mwaka 1968, ni ya vijana wazima, na nchini Tanzania hupatikana hasa vyuoni na katika miji mikubwa.

## Mkutano wa kawaida

Mkutano ndio moyo wa klabu. Kwa desturi hufanyika kila wiki, siku na saa ileile, mara nyingi katika ukumbi wa hoteli, wakati wa chakula cha mchana au jioni baada ya kazi, na huchukua muda wa saa moja hivi. Ratiba hutofautiana kati ya klabu na klabu, lakini sehemu zake kuu ni hizi:

1. Kengele. Rais hugonga kengele kufungua mkutano kwa saa iliyopangwa, hata kama viti vingi bado ni vitupu.
2. Ufunguzi. Hufuata sala fupi au kimya, na katika klabu nyingi wimbo wa taifa.
3. Kutambulisha wageni. Wageni husimama na kutaja majina yao, na wanaotoka klabu nyingine hutoa salamu. Mgeni kutoka nchi nyingine huweza kubadilishana na rais bendera ndogo za klabu zao.
4. Taarifa. Katibu na wenyeviti wa kamati hueleza yaliyofanyika na yanayokuja.
5. Faini na furaha. Mtunza nidhamu huwatoza faini ndogo waliochelewa, waliosahau pini au ambao simu zao zimelia. Wengine hutoa pesa kwa hiari kwa sababu ya jambo la furaha, kama kuzaliwa kwa mtoto au kufaulu kwa mwanafunzi. Fedha hizo huingia katika mfuko wa miradi au wa klabu.
6. Mzungumzaji. Mgeni au mwanachama huzungumza kwa dakika 20 hivi juu ya kazi yake, afya, uchumi au tatizo la jamii, kisha huulizwa maswali. Miradi mingi huanzia hapa, kwa kuwa mganga wa hospitali au mwalimu mkuu anayealikwa kuzungumza huja na shida anazoziona kila siku.
7. Jaribio la Mambo Manne. Wanachama husema kwa pamoja maswali manne ya kupima wanayofikiri, kusema au kutenda: je, ni kweli, je, ni haki kwa wote, je, yatajenga nia njema na urafiki, je, yatawafaa wote wanaohusika. Maswali hayo yalitungwa na Herbert J. Taylor, mfanyabiashara wa Chicago, mwaka 1932, alipokuwa akijaribu kuokoa kampuni iliyokaribia kufilisika.
8. Kufunga. Kengele hugongwa tena na watu hutawanyika, ingawa mazungumzo ya kamati mara nyingi huendelea mezani.

Mahudhurio yalikuwa jambo zito. Kwa kanuni za zamani, aliyekosa mikutano minne mfululizo bila udhuru angeweza kupoteza uanachama. Aliyesafiri aliweza kufidia kwa kuhudhuria klabu nyingine popote duniani, naye akarudi na karatasi ya uthibitisho. Tangu mwaka 2016 klabu zimepewa uhuru zaidi: zinaweza kukutana mara mbili tu kwa mwezi, kuhesabu siku ya kazi ya kujitolea kuwa mkutano, au kukutana kwa njia ya intaneti. Uhuru huo ulisaidia sana wakati wa janga la UVIKO-19 mwaka 2020, kumbi zilipofungwa katika nchi nyingi.

Lugha ya mikutano nchini Tanzania huwa Kiingereza, Kiswahili au mchanganyiko wa zote mbili, kulingana na wanachama. Taarifa na fomu za shirika huandikwa zaidi kwa Kiingereza.

## Huduma kwa jamii

### Polio

Kazi inayojulikana zaidi ya Rotary ni kupambana na polio, ugonjwa wa virusi unaoweza kumlemaza mtoto maisha yake yote. Baada ya mradi wa chanjo ulioanza Ufilipino mwaka 1979, Rotary ilitangaza mpango wa PolioPlus mwaka 1985. Mwaka 1988 iliungana na Shirika la Afya Duniani, UNICEF na kituo cha udhibiti wa magonjwa cha Marekani kuanzisha mpango wa kuutokomeza ugonjwa huo duniani. Wakati huo ulikadiriwa kulemaza watu 350,000 kila mwaka katika nchi zaidi ya 125.

Nchini Tanzania mgonjwa wa mwisho wa polio ya asili alionekana mwaka 1996, na mwaka 2015 nchi ilithibitishwa kuwa haina polio. Tarehe 25 Agosti 2020 kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ilitangazwa kuwa huru dhidi ya virusi vya polio vya asili. Lakini Februari 2022 mgonjwa alithibitishwa Malawi, nchi jirani, na Tanzania ikaingia katika kampeni za chanjo ya matone za nyumba kwa nyumba. Mwaka 2023 mtoto mmoja mkoani Rukwa alithibitishwa kuwa na polio inayotokana na virusi vya chanjo vilivyobadilika, aina inayotokea pale watoto wengi wanapokosa chanjo. Matukio hayo yameonyesha kuwa kazi haijaisha. Kila tarehe 24 Oktoba, Siku ya Polio Duniani, klabu hukumbusha jambo hilo kwa matembezi na michango.

### Michango na matukio ya hadhara

Klabu za Dar es Salaam hushirikiana kuandaa mbio za hisani, Rotary Dar Marathon, zinazofanyika kwa kawaida wakati wa Siku ya Nyerere, 14 Oktoba. Mbio hizo zilianza mwaka 2009 na hukusanya wakimbiaji, waendesha baiskeli na watembeaji pamoja na makampuni yanayofadhili, na fedha hupelekwa kwenye mradi uliochaguliwa. Nchini Uganda klabu huandaa mbio kama hizo kusaidia matibabu ya saratani katika hospitali ya Nsambya, Kampala. Kazi nyingine za kawaida ni kambi za uchunguzi wa afya, uchangiaji wa damu, madawati ya shule, vitabu na upandaji wa miti.

### Ruzuku

Mradi mdogo hulipwa kwa michango ya klabu yenyewe au ruzuku ya wilaya ya Rotary. Mradi mkubwa unaweza kuombewa ruzuku ya kimataifa kutoka mfuko wa Rotary. Ruzuku hiyo huhitaji bajeti isiyopungua dola 30,000 za Marekani, na lazima iombwe na klabu mbili: moja ya nchi ya mradi na nyingine ya nje. Waombaji wanatakiwa kwanza kufanya tathmini ya mahitaji pamoja na wananchi, na kueleza jinsi mradi utakavyoendelea fedha za wafadhili zikiisha. Masharti hayo yametokana na uzoefu wa miradi mingi duniani iliyokufa baada ya sherehe ya ufunguzi.

## Kutoka klabuni hadi kijijini: mfano wa Hanang na Mbulu

Hirbadaw ni kata ya Wilaya ya Hanang, mkoani Manyara. Hanang ilitengwa kutoka Mbulu, na Manyara ikawa mkoa kamili mwaka 2002 baada ya kutengwa kutoka Arusha. Wakazi wa eneo hili ni hasa Wairaqw na Wadatooga wa kundi la Wabarbaig, pamoja na Wanyaturu, Wanyiramba na wengine. Wanaishi kwa kilimo na ufugaji. Kwa sehemu kama hizi, shirika la kujitolea la mjini halikuti mahali patupu, bali hukuta mikutano iliyokuwapo kabla yake.

### Mikutano ya jadi

Wabarbaig wana desturi ya kuamua mambo katika mabaraza chini ya vivuli vya miti. Mkutano mkuu wa watu wote huitwa *getabaraku*. Kuna pia mabaraza ya ukoo na ya majirani, yanayoitwa kwa jumla *girgwageda*. Wanawake wana baraza lao, *girgwageda gademga*, linaloweza kumhukumu mwanamume aliyemkosea mwanamke na kumtoza faini ya ng'ombe. Mwanaanthropolojia George Klima aliandika habari za baraza hilo katika miaka ya 1960. Kwa Wairaqw, mikutano ya wazee huambatana na *slufay*, maombi ya baraka yanayosemwa na mzee mmoja huku waliohudhuria wakiitikia.

### Serikali ya kijiji

Kwa sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982, mamlaka ya juu katika kijiji ni mkutano mkuu wa kijiji, unaojumuisha wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi. Unatakiwa kukutana kila baada ya miezi mitatu. Ndio unaochagua halmashauri ya kijiji yenye wajumbe 15 hadi 25, na angalau robo yao ni wanawake. Mradi wa kisima, zahanati au darasa unapaswa kupitia hapo, hasa ukihitaji ardhi, kwa kuwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka idhini ya mkutano mkuu katika ugawaji wa ardhi ya kijiji.

Katika Hanang suala la ardhi lina historia yake. Kuanzia miaka ya 1970 Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula (NAFCO), kwa msaada wa Kanada, lilifungua mashamba saba makubwa ya ngano katika uwanda wa Basotu: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Gidagamowd na Warret. Mashamba hayo yalichukua sehemu za malisho bora ya Wabarbaig, pamoja na njia za mifugo na makaburi ya wazee wao. Kijiji cha Mulbadaw na wakazi 67 walikwenda mahakamani. Mahakama Kuu iliwapa haki mwaka 1984, lakini Mahakama ya Rufani ilitengua hukumu hiyo mwaka 1985. Mradi ule ulikuwa wa serikali na wafadhili wake, si wa klabu yoyote. Hata hivyo unaeleza kwa nini katika vijiji hivi mgeni anayekuja na msaada huulizwa mapema: ardhi itakuwa ya nani, na nani ameketi kuamua?

### Maji

Maji ni mfano mzuri wa ugumu wa kazi hii. Hanang na Mbulu ziko karibu na Bonde la Ufa, ambako maji ya chini ya ardhi katika sehemu nyingi yana madini ya floridi kupita kiasi. Kipimo kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Yakizidi, meno ya watoto hugeuka rangi ya kahawia, na kwa kiwango kikubwa zaidi mifupa hupinda. Kisima kinachochimbwa bila kupima floridi kinaweza kuwaletea watu maji mengi ya kuwadhuru. Pale yanapopatikana maji ya aina hiyo tu, huweza kuchujwa, kwa mfano kwa mkaa wa mifupa, lakini chujio huhitaji mtu wa kulitunza na kulibadilisha.

Tatizo la pili ni matengenezo. Tathmini za miaka ya 2010 zilionyesha kuwa takriban vituo vinne kati ya kumi vya maji vijijini Tanzania vilikuwa havifanyi kazi. Mara nyingi chanzo kilikuwa kipuri kidogo, au kutokuwepo kwa fedha na fundi. Tangu mwaka 2019 huduma ya maji vijijini iko chini ya Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA), na kila skimu inatakiwa kuendeshwa na chombo cha watumia maji kinachokusanya malipo na kulipa mafundi. Klabu inayotaka kuchimba kisima hulazimika kukubaliana na pande tatu: RUWASA kuhusu vipimo na usanifu, mkutano wa kijiji kuhusu mahali na ardhi, na chombo cha watumia maji kuhusu bei ya ndoo na akiba ya matengenezo. Wafugaji nao huwa na swali lao: je, ng'ombe watakunywa wapi? Birika la mifugo lisipowekwa kwenye mchoro tangu mwanzo, mifugo itafuata maji kwenye bomba la watu, na ugomvi utaanza.

### Maafa

Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope na mawe viliporomoka kutoka Mlima Hanang hadi mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walifariki na wengi walipoteza nyumba. Maafa ya aina hii huonyesha mipaka ya klabu za huduma. Uokoaji ni kazi ya serikali, jeshi na wananchi walio karibu. Vyama vya hiari hufaa zaidi baadaye, kwa vifaa vya shule, mahema na ujenzi mpya, wakati vyombo vya habari vimeshaondoka na mahitaji bado yapo.

## Ukosoaji

Klabu za Rotary hulaumiwa kuwa za watu wenye uwezo. Ada, gharama ya chakula cha hotelini na saa za mikutano huwazuia walimu, wauguzi na wakulima wengi. Baadhi ya klabu zimejibu kwa kukutana bila chakula, au kwa kunywa chai tu. Lawama nyingine ni kwamba miradi hupendelea kitu kinachoweza kupigwa picha, kama jengo au tangi lenye nembo ya gurudumu, kuliko kazi isiyoonekana ya kufundisha fundi wa kijiji. Wapo pia wanaosema kuwa kwa kuwa sehemu ya mradi hutegemea klabu ya nje, matakwa ya mfadhili huweza kuzidi ya wananchi.

Watetezi wake hujibu kwamba wanachama hawalipwi mshahara kwa kujitolea kwao, kwamba hesabu husomwa mbele ya watu wanaofahamiana, na kwamba klabu ya mahali hubaki palepale baada ya mradi. Mhandisi aliyesimamia kisima anaweza kuulizwa mkutano ujao kama pampu bado inafanya kazi. Nguvu ya mkutano wa kila wiki iko hapo: ahadi iliyotolewa mbele ya wenzako haipiti wiki nyingi bila kuulizwa.

## Vyama vingine vya huduma

Rotary si klabu pekee ya aina hii. Lions, iliyoanzishwa na Melvin Jones huko Chicago mwaka 1917, ina klabu pia Afrika Mashariki na inajulikana hasa kwa huduma za macho. Nje ya vyama vya kimataifa, Watanzania wengi hutoa huduma kwa njia ya vikundi vyao wenyewe: vikundi vya kusaidiana katika misiba, VICOBA, vikundi vya akina mama, jumuiya za makanisa na misikiti, na vyama vya watu waliotoka wilaya moja wanaochangia maendeleo ya nyumbani kwao. Navyo hukutana kwa siku maalumu, huandika mahudhurio na hutoza faini aliyechelewa. Tofauti kubwa ni kwamba vikundi hivyo huanza kwa kusaidiana wenyewe kwa wenyewe, ilhali klabu ya huduma huundwa ili kuwasaidia watu walio nje yake.